Kifungu cha Tisa na Sefu ya Abu Majed

Kazi ya Naftali huko Jeddah ilikuwa kulinda sefu iliyofungiwa pasipoti yake mwenyewe. Alilipwa mshahara kamili kuhakikisha kwamba pasipoti ile haiibwi, hasa na yeye.

Sefu yenyewe ilisimama ofisini kwa Abu Majed, mtaa wa Al-Baghdadiyah, nyuma ya mlango wa kioo ulioandikwa kwamba hapa wafanyakazi wa kila aina hupatikana. Abu Majed alikuwa kafili, yaani mdhamini wa kisheria, wa Naftali na wa Wakenya wengine mia tatu na ushei: madereva, walinzi, wapagazi, na wanawake wa kazi za nyumbani waliotawanyika kutoka Ghulail hadi Riyadh. Kila aliyeshuka kwenye ndege alipokewa kwa tabasamu, akapewa chupa ya maji baridi, kisha akaombwa pasipoti. Ni kwa usalama tu, aliambiwa. Ukiihitaji utakuja, utaandika, utapewa. Naftali alifika mwaka wa 2013. Sasa ulikuwa 2015, na alikuwa ameandika mara nne. Usalama ulikuwa wa hali ya juu kweli, maana hata mwenyewe hakuweza kuigusa.

Kwa ulinzi huo alipewa kiti, filimbi na ufunguo. Sefu ilikuwa na funguo mbili. Mmoja ulikaa mfukoni mwa kanzu ya Abu Majed. Wa pili ulining'inia shingoni mwa Naftali, kwenye uzi mmoja na filimbi, na sharti lake lilikuwa moja: hautumiki ila moto ukiwaka na filimbi ikapigwa mara tatu. Abu Majed aliwahi kuunguliwa na ofisi zamani, makaratasi yote yakawa majivu huku ufunguo ukiwa umelala nyumbani kwake ng'ambo ya mji. Tangu siku hiyo aliapa kwamba cha kuokolea hukaa na aliye karibu na hatari. Wenzake Naftali walimcheka: ufunguo unao, pasipoti imo ndani, nawe unakaa nje kama picha ukutani? Aliwajibu kwamba aliahidi moto, na moto haujawaka.

Basi ndivyo alivyokuwa Naftali. Sharti likiwa sharti, alilishika hadi likaomba kuachiliwa.

Huko kwao, nje kidogo ya Endebess, pale shamba linapogusana na msitu, alikuwa na bunduki ya marisau yenye mitutu miwili. Aliirithi kwa baba yake, marehemu Mzee Stephen, pamoja na leseni, kabati la chuma, na amri ya kuipaka mafuta kila Jumapili baada ya kanisa. Wala usidhani ni bunduki ya mchezo. Naftali alisimulia kwamba nyani wa msitu ule walijua hata kusoma leseni. Mwaka ilipochelewa kuhuishwa, walikuja mchana kweupe, wakaketi uani kwa foleni, wakala mahindi ya kuchoma, yaani walingoja hata yachomwe. Leseni iliporudi na muhuri mpya, hawakuonekana tena, isipokuwa mmoja mzee aliyekuja kuhakikisha tarehe.

Alipopata safari ya Saudia, jina la mkewe Selipher liliongezwa kwenye leseni. Askari aliyempa mtihani wa shabaha alimpangia kopo moja. Selipher alilitoboa, akauliza yaliyobaki yako wapi.

Sehemu inayofuata Naftali hakuisimulia kwa kicheko. Mwaka uliotangulia, msimu wa mvua ndefu, wanaume watatu wenye mapanga walivunja zizi. Selipher alikuwa peke yake na binti yao Eddah, jirani wa karibu akiwa mbali mno kusikia kelele. Alifungua dirisha, akapiga mtutu mmoja juu angani. Wale watatu waliondoka kwa haraka hata mmoja akaacha buti la mpira matopeni. Lile buti Selipher alilitundika langoni. Naftali, aliyekuwa ng'ambo ya bahari, alipelekewa picha ya buti kwenye simu, akaitazama wiki nzima.

Ndiyo maana simu ya Selipher ya mwezi wa tatu ilimkausha mate. Chifu alikuwa ameitisha baraza. Kulikuwa na mswada mpya wa silaha, na kifungu cha tisa kilisema kwamba kila bunduki ya raia itahifadhiwa kituo cha polisi. Mwenyewe akiihitaji atafika, atajaza fomu, atakabidhiwa. Kituo chenyewe kilikuwa kilomita kumi na tisa kutoka kwao, ng'ambo ya mto usio na daraja, na afisa wa ghala la silaha alijulikana tarafa nzima kwa urefu wa mlo wake wa mchana.

"Kwa hiyo Baba Eddah," alisema Selipher, "wakija tena, nitawakaribisha sebuleni, niwape chai na magazeti, nivuke mto nikajaze fomu. Nadhani watangoja. Ni watu wenye adabu."

Baada ya hapo sauti yake ilishuka, akasema kwamba yeye chai hiyo hana moyo wa kuipika. Kama kuna mahali pa kusema, Naftali aseme.

Mahali palikuwapo. Katiba inataka wananchi waulizwe kabla sheria haijapitishwa, na serikali haikutaka kuwasahau wananchi wa mbali, hasa wanaoishi kwenye miji yenye hoteli nzuri. Kamati ya wabunge watatu na karani wao ingekuja kukusanya maoni ya Wakenya walioko Saudia, kwenye ukumbi wa hoteli moja Al-Murabba, Riyadh, siku ya Ijumaa. Watu wasioruhusiwa kushika pasipoti zao wangeulizwa kama waruhusiwe kushika bunduki zao. Na mwenyeji wa kamati, kwa ukarimu wake, alikuwa Abu Majed.

Walitua Jeddah Alhamisi asubuhi. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Solomon, mtu wa suti ya kijivu na sauti ya kufungulia shule. Wenzake wawili hawakusema neno safari nzima, kwa hiyo majina yao hayana kazi hapa. Karani wao alikuwa Bi Magdaline, mwanamke makini mwenye kompyuta begani na miwani iliyojua mengi kuliko mdomo.

Aliyewapokea ni Duncan, kijana wa Kiambu aliyefanya kazi ya mapokezi ofisini kwa Abu Majed. Kwa miaka minne Duncan alikuwa akipokea Wakenya uwanja wa ndege, na mikono yake ilikwisha zoea njia. Tabasamu, maji baridi, pasipoti. Hakuna aliyemwambia kwamba hawa ni Wakenya wa aina nyingine, na kitabu cha bluu ni kitabu cha bluu. Waheshimiwa nao walizoea kubebewa vitu: begi, mwavuli, simu, hata maneno. Walizitoa bila kuuliza. Kufikia saa tano, pasipoti nne zilikuwa ndani ya sefu juu ya mia tatu na ushei nyingine, na ufunguo wa Abu Majed ukageuzwa mara mbili.

Naftali aliyaona yote akiwa kitini. Hakuulizwa, hakusema.

Yeye ndiye aliyetolewa kuwaendesha hadi Riyadh, maana dereva wa ofisi alikuwa anaumwa na jino. Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliomba ikama, vibali vya ukaazi, za abiria. Naftali alitoa barua ya ofisi, ile ya kila siku ya kusafirishia wafanyakazi wapya, ambayo Duncan alikuwa ameijaza kwa moyo wote. Askari aliisoma, akamtazama Mheshimiwa Solomon kuanzia kiatu hadi tai, akamhesabu kwa kidole. Kwa mujibu wa barua alikuwa mchunga mbuzi. "Yalla," alisema askari, akiwaashiria wapite, na Mheshimiwa akampungia mkono, akifikiri amesalimiwa kwa cheo.

Ukumbi wa Al-Murabba ulijaa wanaume kama mia na arobaini, madereva na walinzi kwa wingi, kila mmoja na shati lake la kanisani. Upande wa wanawake palikuwa na viti sitini na wanawake wawili. Wengine hamsini na wanane, Mheshimiwa alieleza kwa masikitiko, pengine hawakupendezwa na mambo ya siasa. Mmoja wa wale wawili alisema kwa sauti ya chini kwamba madam zao ndio hawakupendezwa.

Wa kwanza kusema alikuwa Jackton, dereva wa lori wa palepale Al-Murabba, na huyo aliunga mkono kifungu cha tisa. Ndugu yake mkubwa aliuawa kwa risasi kwenye sherehe ya arusi na mlevi mwenye leseni halali. Alisema hayo kwa maneno machache, akaketi.

Naftali alisimama baada yake, na haikuwa zamu nzuri. Alianza kwa kumpa Jackton pole, pole ya kweli. Kisha akasema alichoendeshea gari kilomita mia tisa kuja kusema.

"Mheshimiwa, leseni siikatai. Nipimeni akili, nipimeni macho, njooni mkague kabati langu kila mwezi na mke wangu atawapikia. Mlevi aliyemuua ndugu yake huyu mnyang'anyeni hata kijiko. Lakini mkimfungia bunduki mtu mtiifu kilomita kumi na tisa kutoka kitandani kwake, mliyempokonya ni mtiifu peke yake. Mwizi hatajaza fomu. Nimeangalia humu ukumbini, naye hata maoni hakuja kutoa."

Watu walicheka, hata Jackton kidogo. Mheshimiwa Solomon alitabasamu kwa upole, kama daktari anayemtazama mgonjwa asiyejua anaumwa nini.

"Ndugu yangu, hakuna anayepokonywa. Serikali itakutunzia tu, kwa usalama. Ukiihitaji utakuja, utaandika, utapewa."

Kicheko kilikatika. Wanaume mia na arobaini walikuwa wameyasikia maneno hayo kabla, kila mmoja kwenye siku yake ya kwanza, akiwa na chupa ya maji baridi mkononi. Mmoja kule nyuma alikohoa. Mwingine akasema "halas", yaani basi, peke yake, taratibu, kama mtu anayefunga mlango. Mheshimiwa aliuchukua ule ukimya kuwa ni kuelewa, akashukuru watu kwa kuelewa, akaita anayefuata.

Kitu kimoja Naftali alikiona alipokuwa akirudi kuketi. Kompyuta ya Bi Magdaline ilikuwa imefungwa. Mbele yake palikuwa na ripoti nene iliyokwisha kupigwa chapa na kutiwa jalada, na karani alikuwa ameiwekea mikono yote miwili kama mtu anayeficha doa kwenye kitambaa cha meza.

Nje ya ukumbi Jackton alimshika bega. Alimwambia kwamba msimamo wake haujabadilika, asije akajidanganya. "Ila kaka," aliongeza, "hiyo ya kuandika upewe, mimi nimeandika tangu Ramadhani ya mwaka juzi."

Asubuhi ya Jumamosi gari liliingia Al-Baghdadiyah. Ndege ya waheshimiwa ilikuwa saa tisa alasiri, na hapo ndipo Mheshimiwa Solomon alipopapasa mifuko ya koti, akapapasa ya suruali, akawatazama wenzake, nao wakaanza kujipapasa. Duncan alipigiwa simu. Alijibu kwa furaha kwamba wasiwe na shaka, pasipoti ziko salama kabisa, zimo ndani ya sefu. Abu Majed alipigiwa, lakini yeye wikendi huwa shambani kwake juu ya Taif na simu huizima hadi Jumapili. Ofisi hufunguliwa Jumapili saa tatu.

Walipogeuka walimkuta Naftali amekwisha kaa kwenye kiti chake, na kikombe cha chai ya maziwa. Mheshimiwa aliutazama uzi wa shingoni.

"Hicho ni nini?"

"Filimbi, Mheshimiwa. Na ufunguo wa sefu."

Uso wa Mheshimiwa ulichanua. Alimwambia basi afungue, ndugu yangu, afungue upesi.

Naftali alieleza kwa heshima zote kwamba ufunguo huo hautumiki ila kwa moto. Lakini asihuzunike, utaratibu upo. Alitoa fomu kwenye droo. Hapa jina, hapa kazi, hapa sababu ya kuihitaji pasipoti, hapa sahihi ya kafili anayekubali kwamba sababu hiyo inatosha. Akamsogezea na kalamu. Mheshimiwa mmoja kati ya wale wasiosema aliketi kwenye ngazi na kuanza kujipepea na tiketi.

Mheshimiwa Solomon aliijaza fomu. Alifika mahali pa kafili, kalamu ikasimama. Alisema hana kafili. Naftali akasema kwa mujibu wa barua ya barabarani anaye, na akamwonyesha mahali palipoandikwa mchunga mbuzi.

Hapo sauti ya kufungulia shule ilipasuka. Mheshimiwa alisema huu ni wizi, huu ni utekaji, yeye hajafanya kosa lolote, hakuna sheria aliyovunja.

"Hujanyang'anywa, Mheshimiwa. Imetunzwa tu."

"Shida yangu ni ya sasa hivi! Ni mali yangu, ina jina langu, iko mita mbili kutoka hapa nilipo!"

"Mita mbili ni karibu sana," alisema Naftali. "Ya mke wangu mnataka iwe kilomita kumi na tisa."

Mtaani lori la maji lilipita likipiga honi. Mheshimiwa Solomon alibaki ameshika fomu. Si kwamba mtu huyo alikuwa mjinga, ila hakuwa amewahi kufungiwa kitu. Alitazama sefu, akatazama saa, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege alionekana kama mtu anayehesabu umbali.

Aliketi kwenye kiti cha wageni. Alimuuliza Naftali kama ni kweli mkewe yuko peke yake na mtoto. Naftali akamwonyesha picha ya buti la mpira. Mheshimiwa aliishika simu muda mrefu kuliko picha yenyewe ilivyohitaji, kisha akamuuliza karani wake ripoti inasema nini juu ya kifungu cha tisa.

Bi Magdaline alifungua jalada, akasoma bila kupandisha sauti wala kushusha: wananchi waishio Saudia walikiunga mkono kifungu cha tisa kwa kauli moja. Tarehe ya chini ilikuwa ya wiki mbili kabla ya safari.

"Kauli moja," alisema Naftali. "Mimi nilisema yangu, Jackton akasema yake. Hiyo moja ilikuwa ya nani?"

Kompyuta ya Bi Magdaline ilifunguka kabla Mheshimiwa hajamaliza kuinua kidole, kana kwamba vidole vyake vilikuwa vikingoja tangu Nairobi. Aliandika upya ukurasa ule. Naftali alitaka maneno ya Jackton yaandikwe pia, tena yatangulie, maana ndiye aliyesema kwanza na ndiye aliyezika. Baada ya hayo yakaja yake, kijiko na vyote. Chini Mheshimiwa Solomon aliongeza kwa kinywa chake mwenyewe kwamba kamati inapendekeza kifungu cha tisa kifutwe, na ukaguzi wa wenye leseni uwe mkali zaidi. Karatasi ilitoka kwenye mashine ya ofisi. Watatu wakatia sahihi, hata yule wa kwenye ngazi. Naftali aliisoma mara mbili kwa kidole, akaipiga picha, akasema iko sawa.

"Sasa fungua," alisema Mheshimiwa, kwa sauti ya mtu mwingine kabisa.

"Moto, Mheshimiwa."

Walitazamana. Bi Magdaline ndiye aliyeelewa kwanza. Aliuchomoa ukurasa wa zamani kwenye jalada, ule wa kauli moja, akautia kwenye ndoo ya takataka ya chuma, akamwomba Naftali kiberiti. Ukurasa uliwaka vizuri, yaani wasomaji wake hawajawahi kuupa joto kama lile. Naftali alipiga filimbi mara tatu kama sharti linavyotaka, akatangaza kwa ukumbi wa watu wanne kwamba moto umewaka, akavua uzi shingoni na kuutia ufunguo kwenye sefu kwa mara ya kwanza katika miaka miwili.

Waheshimiwa waliwahi ndege. Naambiwa hadi leo Mheshimiwa Solomon hulala na pasipoti chini ya mto, na mkewe amechoka kuuliza.

Selipher alipopigiwa simu jioni ile alisema Jumapili ataipaka mafuta kama kawaida. Na mswada ulipochapishwa miezi mitano baadaye, kifungu cha nane kilifuatwa na cha kumi, maana waliofuta walisahau kupanga namba upya.

Lakini hayo yalikuwa bado. Asubuhi ya Jumapili Abu Majed alirudi kutoka Taif, akakuta ndoo yenye majivu, filimbi juu ya meza, na sefu ikiwa na nafasi tano tupu. Aliuliza kulikoni. Naftali alisema moto, bosi, mdogo lakini moto. Nne amewakabidhi wenyewe, na hapa ziko sahihi zao.

Abu Majed alihesabu tena. Aliuliza ya tano ni ya nani.

"Yangu, baba. Niliiokoa."

"Vizuri. Iko wapi sasa?"

Naftali alijigusa mfuko wa shati, ule wenye kifungo.

"Nimeitunza, kwa usalama," alisema, akamsogezea bosi fomu na kalamu. "Ukiihitaji, utaandika."